Kinu Kilichotafutiwa Mchi

Karibuni, ndugu wasomaji, kaeni vizuri. Kama mlangoni kuna askari, naye aingie, maana hadithi hii ina kibali na muhuri wake, na haina neno ambalo askari hawezi kulisikia mbele ya mkubwa wake. Wizara ya Moto na Mwanga imeniagiza niandike historia ya Kinu cha Taifa, kile kinachozalisha umeme wa nyuklia kule pwani kwetu Kibandani, na imenipa masharti mawili tu. La kwanza, nisitaje jina la nchi yetu mahali penye neno baya. Nimetafuta mahali pasipo na neno baya, sijapata, kwa hiyo sitaitaja kabisa. La pili, kila sura imalizike kwa makofi. Hilo ni jepesi. Sisi ni watu wa makofi, hata mbu wetu wanalijua hilo.

Mimi ni Faki Dadi, mwalimu mstaafu. Nilichaguliwa, nadhani, kwa sababu nina mwandiko mzuri na dada mmoja. Mwandiko mtauona. Habari za dada zitafuata.

Kinu kinakuja

Zamani nchi yetu ilikuwa na giza la kawaida, lile la usiku. Kisha Baba Mlezi, ambaye ndiye rais wetu na ataendelea kuwa, alikwenda ziara ng'ambo akaona mji uliowaka taa mpaka asubuhi, hata mitaa isiyokuwa na mtu. Akarudi amenuna. Mawaziri hawakujua wamekosa nini, na baadhi yao walijiuzulu kwa tahadhari. Mwishowe akafungua kinywa: "Wenzetu wanawasha taa kwa ajili ya watu wasiokuwepo. Sisi hata waliopo hatuwawashii."

Wageni wakaitwa. Walikuwa watu wapole wenye kofia ngumu. Walipita pwani yote na vipimo vyao, wakachagua Kibandani kwa sababu kinu cha aina ile hunywa maji mengi ya bahari ili kisichemke kupita kiasi. Wizara ikaongeza sababu ya pili redioni, kwamba watu wa Kibandani ni wavumilivu kwa asili. Hatukujua kama tunasifiwa au tunaandaliwa.

Kijiji kilihamishwa mbali, halafu kikarudishwa karibu, kikabanana na ua wa seng'enge, kwa kuwa mtaalamu mmoja aliona ni aibu wananchi kukaa mbali na maendeleo yao. Mashamba yetu ya chumvi yakabaki ndani ya ua, sisi nje. Nguzo za umeme zikapita juu ya mapaa yetu zikielekea mji mkuu bila kusimama. Tulipouliza, Mheshimiwa Kongoro, Waziri wa Moto na Mwanga, alitujibu kwa upole kabisa.

"Ninyi mnacho Kinu chenyewe. Umeme mnautakia nini tena?"

(Makofi.)

Mchi unatafutwa

Baba Mlezi ana shahada ya juu kuliko zote ya lugha, aliyotunukiwa na chuo kikuu chenye jina lake. Kwa hiyo siku ya uzinduzi, Mhandisi Shaali alipoinama na kusema, "Mtukufu, hiki ndicho kinu chetu," Baba Mlezi hakuridhika na kuangalia tu. Alikiangalia kile kifuniko kipana cha chuma na zege katikati ya ukumbi, akaangalia pembeni yake, akaangalia nyuma ya Mhandisi.

"Mchi wake uko wapi?"

Shaali ni mtoto wa hapa hapa, aliyesomeshwa ng'ambo muda mrefu, na huko hawakumfundisha kunyamaza. "Mtukufu, hiki hakina mchi. Kinu ni jina tu."

"Jina tu." Baba Mlezi alitabasamu, na wote wanaomjua wakarudi nyuma kidogo. "Na Baba Mlezi, nalo ni jina tu?"

"La, Mtukufu."

"Mama yako ana kinu?"

"Anacho, Mtukufu."

"Kina mchi?"

"Kinao."

"Kwa hiyo kinu cha mama yako kina mchi, cha taifa hakina. Humo ndani mna nini?"

"Maji, Mtukufu. Maji, na fito za urani ndani ya maji."

Waziri Kongoro alishikwa na kikohozi cha ghafla, maana kila aliyelelewa na bibi anajua husemwa nini juu ya mtu anayetwanga maji. Walinzi wakatupitia kwa macho mmoja mmoja kuona nani amekumbuka. Hakuna aliyekumbuka.

"Hawa wametuuzia kinu nusu," alisema Baba Mlezi.

Mkalimani aliwafikishia wageni shutuma hiyo. Wakatazamana, kisha wakacheka, na kicheko chao kikahesabiwa kuwa ni kukiri kosa. Walifukuzwa siku ile ile. Walikuwa wamebakiza somo moja tu la kuwafundisha wahandisi wetu, lile la nini kifanyike mambo yakiharibika. Wizara ilitutuliza kwamba somo hilo halina haja, kwa kuwa mambo hayataharibika.

Ikachongwa michi mitatu, kwa sababu desturi ya Kibandani ni wanawake watatu kutwanga kinu kimoja kwa kupokezana. Ilikuwa ya mvule, minene kama nguzo za msikiti, na kila mmoja ulivishwa kichwa cha shaba chenye sura ya Baba Mlezi, uso ukitazama chini. Mhandisi Shaali alikwenda wizarani kueleza kwamba kifuniko kile hakikutengenezwa ili kigongwe. Akaulizwa kama ana pingamizi na uso wa Baba Mlezi kugusa mali ya taifa. Akasema hana.

(Makofi.)

Watwangaji wa Taifa

Kwetu harusi haiwi harusi mpaka kinu kisikike. Wasichana watatu husimama na michi yao, mmoja huanza, wa pili hujibu, wa tatu huingia katikati, na nyimbo hufuata. Katika wasichana wote wa Kibandani hakuna aliyemfikia Raya, mtoto wa dada yangu Mwanatumu. Raya akitwanga, hata mume na mke waliokuwa wakigombana nyumba ya tatu huanza kugombana kwa mdundo.

Basi alichukuliwa yeye, pamoja na wenzake Kazija na Subira. Walipewa sare za kitenge zenye picha ya Kinu na vyumba ndani ya ua. Nilikuwepo siku mama yake alipomkuta akifunga nguo.

"Unakwenda kutwanga nini huko?" aliuliza Mwanatumu.

"Sijui, Mama. Wanasema maendeleo."

"Na pumba?"

"Pumba gani tena?"

"Hakuna kitu kinachotwangwa kikakosa pumba. Waulize pumba zake wanazimwaga wapi."

Raya akacheka, akambusu mkono, akaenda. Lakini kwa kuwa ni mtoto msikivu, aliuliza kweli, na jibu likaja kupitia redio kwa sauti ya Waziri Kongoro mwenyewe: pumba za Kinu zimehifadhiwa kwa heshima zote katika mashamba ya zamani ya chumvi. Dada yangu alizima redio, akasema, "Nimtoe mwanangu humo." Tangu hapo hakuwa na neno lingine. Watu walimpa salamu, naye akaitikia, kisha akasema nimtoe mwanangu humo.

Siku ya kutwanga kwa mara ya kwanza ilifana sana. Wasichana walikuwa miguu mitupu, kama desturi ilivyo, na Baba Mlezi hupenda kuonekana mtu wa watu. Akienda kwa wafugaji hujifunga shuka, akienda kwa wachoma mkaa hujipaka masizi. Alivua viatu. Mawaziri wote wakavua, na soksi ya Waziri Kongoro ilikuwa na tundu kidoleni. Michi ikapanda, michi ikashuka, zile nyuso tatu za shaba zikagonga kifuniko, na chini kabisa kitu kikaitika kwa sauti nzito. Baba Mlezi alifurahi. Aliagiza Kinu kitwangwe kila sikukuu ya taifa, nasi sikukuu tunazo: Siku ya Kinu, Siku ya Mchi, Siku ya Kuzaliwa kwa Baba Mlezi, Siku ya Kutungwa Mimba Yake, Siku ya Shukrani, na Siku ya Kushukuru kwa Siku ya Shukrani. Haikupita wiki bila mtwango.

(Makofi.)

Kinu kinatabasamu

Kisha Mama Mzaa Mlezi akafariki, na nchi ikalia. Waliokuwa na machozi walilia yao, wasiokuwa nayo walisaidiwa na polisi.

Hapa lazima nieleze desturi yetu moja, maana wasomaji wa bara huenda hawaijui. Pwani kwetu, nyumba ikifiwa, kinu hulazwa ubavu mlangoni. Mpita njia akikiona kimelala, anajua kuna msiba, anaingia kutoa pole. Hakuna anayetwanga, na kinu hakiinuliwi mpaka mwenye msiba mwenyewe aanue matanga. Baba Mlezi alipoelezwa habari hiyo aliipenda, akaifanya sheria: pale Baba Mlezi anapoketi matangani, taifa zima limeketi matangani, na kila kinu nchini kilale mpaka mwenye msiba aanue. Waziri Kongoro aliuliza kwa unyenyekevu kama Kinu cha Taifa nacho kimo.

"Kinu ni kinu," alisema Baba Mlezi.

Nadhani katika nchi nzima Mhandisi Shaali ndiye peke yake aliyeupokea msiba ule kwa miguu miepesi. Alikizima Kinu. Umeme wa mji mkuu ukakatika. Akapiga magoti juu ya kifuniko, akafuta vumbi la shaba, akaona alichokuwa akikiogopa. Nami nilikuwepo wizarani alipokwenda kutoa taarifa, kwa kuwa nilikuwa nimemsindikiza dada yangu aliyekwenda kusema neno lake moja.

"Kifuniko kimepata ufa, Mheshimiwa. Na kinavuja."

Waziri alifunga dirisha. "Ufa ni neno la nyumba za udongo. Una umbo gani?"

"Umepinda." Shaali alichora hewani.

"Ncha zake zinaelekea juu au chini?"

"Juu."

"Sasa si tabasamu hilo, kijana? Kinu kimetabasamu."

"Na kuvuja, Mheshimiwa?"

Hapo Waziri alikasirika, na alikuwa na haki. Neno kuvuja limepigwa marufuku kwetu tangu mtihani wa darasa la saba ulipovuja, na toka siku hiyo hata mapaa yetu husemwa yanatoa jasho. "Mtu anayefanya kazi kwa bidii hutoa nini?"

Shaali alichora tena hewani, safari hii tone. Dada yangu akapata nafasi. "Mheshimiwa, baba yangu, nirudishie mwanangu. Sitaki cheo chake, sitaki sare yake. Nampenda yeye."

"Mama, mwanao anatwanga kwa niaba ya taifa. Taifa nalo limpeleke nani?"

"Limpeleke mwanao wewe."

Tulitolewa nje, lakini kwa adabu. Matanga ya Mama Mzaa Mlezi yalipoanuliwa, Kinu kikawashwa tena, na redio ikatangaza kuwa kinatabasamu na kutoa jasho, dalili zote mbili za afya njema. Mhandisi Shaali aliyeshauri mtwango usimame alishushwa kazi, akapewa kitambaa na kopo la dawa ya kung'arishia shaba, awe anasugua zile nyuso za michi baada ya sikukuu.

(Makofi.)

Uchovu wa heshima

Habari za Raya kuugua zilitufikia kupitia kwa Shaali huyo. Wizara ilikuwa na jina la ugonjwa wake, uchovu wa heshima, unaowapata watu wanaotumikia taifa kwa karibu. Tukaenda mimi na mama yake, tukasimama nje ya ua upande wa mashamba ya chumvi, pale ambapo siku hizi hapaoti hata nyasi. Raya akaja polepole amejitanda kanga mpaka machoni.

"Mama, simama hapo hapo. Usisogee."

"Waya una umeme?"

"Waya hauna kitu. Ni mimi usiyetakiwa kunigusa."

"Umekonda, mwanangu."

"Chakula chao ni kizuri tu, ila hakikai." Akatazama nyuma, akaishusha ile kanga begani. Kichwa chake kilikuwa kitupu, kama cha mtoto anayetolewa nje kwa mara ya kwanza. "Nywele zimeniaga, Mama. Wala hazikuniuma."

Mwanatumu alishika waya kwa mikono miwili. "Toka humo. Toka hivi sasa."

"Hawanitoi. Wanasema nikionekana nje nitaleta taharuki. Mama, sikiliza. Kazija na Subira wamepandishwa cheo. Ndivyo tulivyoambiwa, na vitanda vyao vimeoshwa kwa mipira ya maji. Wakija kukwambia na mimi nimepandishwa, usikubali. Unichukue nikalale nyumbani. Nisije nikawekwa humu pamoja na pumba zao."

"Nitakuja kukuchukua."

"Kweli?"

"Lini nilikudanganya?"

Raya akanigeukia. "Mjomba, shikamoo. Sikukusalimia."

Nilishindwa kuitikia. Ninaandika historia rasmi na sipaswi kuwa na machozi ndani yake, lakini nililia pale kwenye seng'enge kwa sauti, mzee mzima, na askari wa zamu akageuza uso.

(Makofi.)

Cheo kisichohitaji kuhudhuria

Waziri Kongoro alikuja kijijini yeye mwenyewe, heshima ambayo hatukuwahi kuipata. Alikaa kwenye kiti tulichomfutia, akanywa maji aliyokuja nayo.

"Mama Raya, hongera. Binti yako amepandishwa cheo."

"Cheo gani?"

"Cheo kisichohitaji kuhudhuria."

Dada yangu hakupiga yowe. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa kuja, akasubiri gari lake liondoke. Kisha akakiburuta kinu chake mpaka mlangoni akakilaza ubavu. Majirani wakaanza kuja na mikeka.

Polisi walikuja nao. Wakakisimamisha kinu. Mwanatumu akakilaza. Wakakisimamisha tena, wakamsomea kosa lake: kulaza kinu bila kuwa na maiti.

"Maiti mnaye ninyi," alisema. "Nipeni, muone kama nina kosa."

Mkuu wao aliwaza kidogo, akasema Raya hayupo katika orodha ya waliofariki, na kwamba kwa mujibu wa Wizara hakuna mtu aliyewahi kufa kwa Kinu wala anayetarajiwa kufa. Kinu cha dada yangu kikapigwa minyororo kikiwa kimesimama wima. Usiku na mchana askari alikilinda kisilale.

Baadaye Shaali alinieleza ukweli wote. Wasichana watatu walizikwa chini ya zege kwenye mashamba ya chumvi, kando ya mapipa ya pumba, kwa kuwa miili yao ilikuwa imehesabiwa nayo kuwa ni pumba. Hakuna aliyewasomea hata dua. Alisoma yeye, kwa mbali, kitambaa cha shaba kikiwa mkononi.

(Makofi.)

Yubilei

Yubilei ya Kinu ilikaribia na hakukuwa na watwangaji. Mabinti wote wa Kibandani walikuwa wameondoka kijijini, au wamevunjika mikono, au wamesahau kutwanga. Wizara ilikuwa imeanza kutumia ukali, ndipo dada yangu alipokwenda mwenyewe getini.

"Nimekuja kutwanga mahali pa mwanangu," alisema. Nyuma yake walisimama mama yake Kazija na mama yake Subira.

Waziri Kongoro alifurahi mpaka akawasifu redioni. Aliwaita wazalendo waliosamehe, ijapokuwa hakusema wamesamehe nini.

Siku ile ukumbi ulijaa. Wanakijiji tuliingizwa kwa malori ili tuonekane tumekuja wenyewe. Redio ilitangaza moja kwa moja nchi nzima, na mtangazaji alikuwa kijana wa Kibandani, mwenye sauti laini, aliyeajiriwa kwa sababu hakuwahi kusema lolote la maana. Baba Mlezi alihutubia. Alisema Kinu hiki ni tumbo la mama, ni ngao, ni jicho, ni daraja. Bendi ikanyamaza. Wale wanawake watatu wakapanda juu ya kifuniko, juu ya lile tabasamu lenyewe, wakainua michi.

Wakaishikilia juu. Kisha wakaishusha taratibu bila sauti, wakailaza ubavu.

Wakatandika kanga zao chini, wakaketi, wakanyoosha miguu, wakajifunika vichwa. Hapakuwa na mtu wa pwani asiyejua anachokiona. Shaali, aliyekuwa kando na kopo lake, aliketi wa kwanza. Nikaketi mimi. Kijiji kizima kikaketi sakafuni, wanawake huku, wanaume kule, kama tunavyoketi nyumba yoyote iliyofiwa.

Baba Mlezi alibaki amesimama peke yake na mawaziri wake. Akainama sikioni kwa Waziri Kongoro, na kipaza sauti kilikuwa bado wazi.

"Hii ni desturi ya hapa?"

Waziri ni mtu wa bara, mbali sana, na matanga ya Mama Mzaa Mlezi wakubwa waliyaketia kwenye viti vya ikulu. Alijibu bila kusita, "Desturi ya zamani sana, Mtukufu."

Basi Baba Mlezi akavua viatu. Akaketi sakafuni, akanyoosha miguu. Alipoona wanawake wamejifunika, akatoa leso mfukoni akajiwekea kichwani, akainamisha uso kwa huzuni nzuri kabisa, kwa ajili ya kamera. Mawaziri wote wakaketi.

Ndipo yule mtangazaji alipoisogelea mashine yake. "Ndugu wasikilizaji," alisema kwa ile sauti yake laini, "Baba Mlezi ameketi matangani. Narudia, Baba Mlezi ameketi matangani. Waliofariki ni Raya, Kazija na Subira, Watwangaji wa Taifa. Mwenyezi Mungu awarehemu."

Walimkata hapo wakapiga muziki. Muziki nao ukakatwa, kwa kuwa matangani hakupigwi muziki. Sijamwona tena kijana yule. Lakini nchi ilikuwa imeshasikia, na sheria ilikuwa inajulikana na kila mtu. Kutoka pwani hadi mpaka wa mwisho wa bara, wanawake walitoka nje wakalaza vinu vyao. Hata yule askari aliyelinda kinu cha dada yangu alikifungua minyororo akakilaza kwa mikono yake.

Waziri Kongoro alisimama akitaka kueleza kwamba kumetokea kosa. Lakini Katiba yetu ina vifungu viwili tu. Cha kwanza kinasema Baba Mlezi hakosei, na cha pili kinasema tazama kifungu cha kwanza. Kama Baba Mlezi hakukosea, basi ameketi matangani. Kama ameketi matangani, basi kuna maiti. Waziri akaketi tena.

"Mtukufu," alisema Shaali, "niruhusu nikakilaze Kinu."

Baba Mlezi hakujibu. Kwetu kimya cha mkubwa ni ruhusa, tumefundishwa hivyo tangu utotoni. Shaali akaenda, na baada ya muda ule mngurumo tuliouzoea kama pumzi zetu ukapungua, ukafifia, ukaisha.

(Hapa hapakupigwa makofi, kwa kuwa ilikuwa matangani.)

Mwenye msiba

Mji mkuu ukaingia gizani. Waziri Kongoro alirudi ukumbini akamkuta dada yangu pale pale, juu ya kanga yake. Akachuchumaa.

"Mama, matanga yenu huwa ni siku tatu."

"Huanuliwa na mwenye msiba."

"Nawe utaanua lini?"

"Siku mwanangu atakapolala nyumbani. Nilimwambia nitamchukua."

Jambo hilo Wizara haikuliweza. Kuyavunja mazege yale ni kukiri kuna nini chini yake, na nani. Kumtoa dada yangu kwa nguvu ni kumtoa mfiwa katika matanga ambayo Baba Mlezi mwenyewe aliyafungua. Wakaona njia rahisi ni kusubiri. Shaali alikuwa amewaambia wale wanawake wazi kwamba pale si mahali pa kukaa, Kinu kizime kisizime, na kila siku alirudia kuwaambia, na kila siku walimshukuru. Mama yake Subira alitangulia. Mama yake Kazija akafuata. Dada yangu alibaki peke yake, nami nikampelekea uji mpaka mlangoni, ambapo nilikuwa nazuiwa.

"Kaka," aliniambia mara ya mwisho, kutoka mbali, "nywele zangu nazo zimeaga. Mtoto alisema kweli, haziumi."

Asubuhi ya leo Waziri Kongoro amekuja nyumbani kwangu, na sukari, na majani ya chai. Amesema dada yangu amepandishwa cheo. Ameuliza wazee, nao wamemweleza kuwa dada akiondoka bila mume wala mtoto, mwenye msiba ni kaka yake. Kwa hiyo kesho, mbele ya redio, niende nikaanue matanga, nisome na sura hii ya mwisho ya historia, Kinu kiwashwe. Wamenichorea hata mahali pa kusimama.

"Utakuja, Mwalimu?"

"Nitakuja, Mheshimiwa. Nitakaa."

Amesema hakuna haja ya kukaa, ni shughuli fupi. Hakuelewa, nami sikumfafanulia. Alikuwa ameshaanza kunisifu mwandiko.

Sharti la Wizara nalijua, sura imalizike kwa makofi. Naomba radhi kwa wahusika wote. Mikono yangu yote miwili imeshika mkeka.